Mke wangu ana saratani, watoto tumewaambia ni vidonda vya tumbo

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni baba wa watoto watatu, tunaishi Tabata. Mwaka huu mke wangu alikutwa na saratani ya titi. Ameshafanyiwa upasuaji, titi moja limeondolewa, na wiki mbili zilizopita ameanza dripu za dawa ya saratani pale Ocean Road, hospitali ya saratani hapa Dar. Watoto tumewaambia mama ana vidonda vya tumbo. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Wa pili ni binti wa miaka 10. Kitinda mimba ni wa kiume, ana 5. Mama mkwe amekuja kutoka Tanga kutusaidia, na amesema kabisa watoto wasiambiwe, tutawatia simanzi bure na habari zitazagaa mtaa mzima. Lakini juzi binti kaokota nywele za mama yake kwenye mto, akaniletea mkononi, akaniuliza: "Baba, vidonda vya tumbo vinanyonyoa nywele?" Nilikosa jibu. Mkubwa siku hizi anarudi saa tatu usiku na haongei na mtu. Mdogo amekataa kulala chumbani kwao. Je, tuwaambie? Tuanzie wapi? Na kuna watu wanaosaidia familia kama yetu, au hospitali ni ya mgonjwa peke yake?

JIBU: Marahaba, baba. Pole sana, na umfikishie mama watoto pole zangu.

Nianze na binti yako, maana swali lake nimelisoma mara tatu. Zile nywele hakumpelekea mama yake, wala bibi yake. Alikuletea wewe. Mtoto wa miaka 10 amekaa akapima nani ndani ya nyumba anaweza kuulizwa bila kuumia, akakuchagua wewe. Na jinsi alivyouliza, hakuamini habari ya vidonda vya tumbo. Alikuwa anakupa nafasi ya kusema kweli.

Kwa hiyo nakujibu bila kuzunguka: waambieni, na muwaambie kabla ya dripu ya pili. Kwa kawaida dripu za namna hiyo hutolewa kila baada ya siku 21, na nywele huanza kung'oka wiki ya pili au ya tatu baada ya ile ya kwanza. Ina maana siku chache zijazo kichwa cha mkeo kitakuwa kitupu, na kilemba hakitaficha kitu mbele ya watoto wanaolala naye nyumba moja. Mkiwahi, watalipokea jambo hili kutoka midomoni mwenu. Mkichelewa, watalipokea kutoka kwa jirani anayechota maji.

Nasema hivi kwa kazi ninayoifanya, na pia kwa sababu lilinikuta. Nilikuwa na miaka 11 mama yangu alipougua. Siku moja nikanunuliwa raba mpya, nyeupe, nikaambiwa naenda likizo kwa shangazi Morogoro. Shule zilikuwa hazijafungwa. Kwetu viatu vipya vilinunuliwa sikukuu tu, na sikukuu ilikuwa imepita zamani. Nilipozivaa zile raba nilijua kuna jambo baya, nikakaa kwenye basi nimezikazia macho njia nzima. Hakuna aliyeniambia chochote, na mimi sikumuuliza mtu, kwa sababu niliona wakubwa hawataki kuulizwa. Mama alifariki nikiwa kule. Waliofanya hivyo walinipenda, sina shaka nao. Lakini miezi ile nilikuwa peke yangu na jambo ambalo kila mtu alilijua.

Ndiyo hali waliyo nayo wanao sasa hivi, kila mmoja kwa namna yake.

Mkubwa, nakuhakikishia, anajua. Mtoto wa Dar wa miaka 16 akisikia "Ocean Road" haulizi ni hospitali ya nini. Ameshaona kadi ya kliniki juu ya kabati, amesikia simu za ndugu, na ana simu yake au ya rafiki yake ya kutafutia. Alichokisoma huko huenda kinatisha kuliko hali halisi ya mama yake. Huko kuchelewa kurudi usikuchukue kwa haraka kuwa ni utundu wa rika. Nyumbani kuna siri anayotakiwa kujifanya haijui, na kujifanya kila jioni mbele ya mama mgonjwa ni kazi nzito. Kijiweni hajifanyi chochote.

Binti wa miaka 10 yuko kwenye umri wa kutafuta sababu, na mtoto anayetafuta sababu bila kusaidiwa mara nyingi huishia kujiona yeye ndiye chanzo. Nilikaa siku moja na mvulana wa darasa la tatu. Robo saa nzima alichezea kifungo cha shati lake la shule, akikizungusha mpaka uzi ukaanza kulegea, ndipo akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kansa ya mama yake kaileta yeye. Walikuwa wanacheza uani, akapiga mpira ukamgonga mama kifuani. Mwaka mzima alikuwa ameubeba mpira ule. Mpira hauleti saratani, wala pigo la kiwiko, wala ukaidi wa mtoto, wala kunyonya kwa muda mrefu. Lakini angejuaje, kama hakuna aliyelitaja hata jina la ugonjwa mbele yake?

Wa miaka 5 hana maneno, anasema kwa mwili. Kukataa kulala mbali na mama ndiko kuuliza kwake. Halafu kuna jambo wazazi wengi hawalioni. Baada ya upasuaji wa titi, hasa kama tezi za kwapani nazo zimetolewa, mama huambiwa asinyanyue vitu vizito kwa mkono wa upande ule. Kwa mtoto aliyezoea kubebwa, maana yake ni moja tu: mama hanitaki. Mpeni sababu na mpeni njia nyingine. "Mkono huu wa mama unauma, haukubebi kwa sasa. Njoo upande huu, panda kitandani mwenyewe, nikukumbatie na huu mwingine." Usiku, msimlazimishe kurudi chumbani kwao kwa wiki hizi. Tandikeni godoro chini karibu na kitanda cha mama. Hata akimzoea kidogo, mtamrudisha taratibu hali ikitulia.

Sasa, kabla hujakaa na watoto, kaa na mkeo. Ugonjwa uko mwilini mwake na habari ni yake. Muulize yuko tayari watoto wajue nini, na nini kibaki kati yenu wawili. Wako akina mama wanaotaka kusema wenyewe. Wengine huomba mume aseme wao wakiwa wamekaa pembeni. Mwingine hataki neno titi litajwe mbele ya kijana wa kiume, anaona haya. Unaweza kusema "uvimbe kifuani" mkiwa wote, ukalisema wazi mkiwa wawili na kijana. Kama mkeo atakataa kabisa, usimzunguke ukawaambia kwa siri. Muulize anachoogopa. Mara nyingi atasema anaogopa kulia mbele yao. Mwambie akilia si kosa. Mtoto akimwona mama analia, kisha akamwona amejifuta na chai inanywewa, anajifunza kwamba jambo hili linaweza kuongelewa na watu wakabaki wazima.

Halafu mama mkwe. Hapa nenda polepole, na wala usiende wewe. Kuna maneno ambayo mkwe akiyasema yanakuwa mazito hata kama ni ya haki. Mwache mkeo aanze na mama yake, au mtafute shangazi au mjomba anayesikilizwa upande wao. Mzee huyu ana sababu zake. Kwa watu wa umri wake, kansa ilikuwa ni jina unalolisikia mgonjwa akiwa ameshakata tamaa, na kulitaja mbele ya watoto ilikuwa sawa na kutangaza msiba. Pia anaogopa maneno ya mtaani: leo saratani, kesho "karogwa", keshokutwa mtu anawaletea jina la mganga. Hofu hiyo ina msingi, na msiibeze.

Mwambieni tofauti iliyopo kati ya kuwaficha watoto na kuitunza familia. Watoto wanaweza kujua na bado habari isizagae, kama mtawapa jibu la kuwapa majirani. Jibu fupi, la kweli: "Mama anaumwa, anatibiwa, anaendelea na dawa." Basi. Mtoto mwenye sentensi hiyo hababaiki mtu akimuuliza njiani. Asiyekuwa nayo ndiye anayebuni, na ndiye anayepeleka maneno nje kwa sababu ndani hana wa kumwambia. Na bibi apewe nafasi yake siku hiyo. Awepo, awashike wajukuu mkono, awaombee dua au sala kwa dini yenu. Nimeona mabibi wengi waliokuja kupinga wakaishia kuwa nguzo ya nyumba.

Siku ya kuongea iwe Jumamosi au Jumapili mchana, baada ya chakula, watoto wakiwa wameshiba. Isiwe usiku, maana wataingia nalo kitandani. Isiwe asubuhi ya shule. Zimeni televisheni, simu ziwekeni chumbani. Kaeni chini wote, mkekani, ili mdogo asikuangalie kwa chini kama anahukumiwa. Waambieni wote watatu pamoja, kwa ufupi, halafu siku hiyohiyo au kesho yake umfuate kila mmoja peke yake.

Maneno yawe kama haya, uyageuze yawe ya kwenu:

"Wanangu, tuliwaambia mama ana vidonda vya tumbo. Haikuwa kweli, tunaomba mtusamehe. Tulikuwa hatujui tuanzie wapi. Mama ana ugonjwa unaitwa saratani, watu wengine wanauita kansa. Ulikuwa kwenye titi. Madaktari wamelitoa, na sasa anapewa dawa ya dripu ili kuua mabaki ya ugonjwa. Dawa hiyo ni kali. Ndiyo inayomchosha, ndiyo inayomtapisha, na ndiyo inayong'oa nywele zake. Akimaliza dawa, nywele zitaota tena."

Hilo la kuomba msamaha usiliruke. Najua katika nyumba zetu mzazi kumwomba mtoto radhi ni jambo geni, wengine wataliona ni kujishusha. Lakini mmewaambia uongo, wao wameujua, na kama hamtausema, kila mtakachowaambia kuanzia hapo watakipima mara mbili. Miezi inayokuja mtahitaji wawaamini.

Tajeni majina yote mawili, saratani na kansa, kwa kuwa wataambiwa "kansa" shuleni na mtaani. Kisha waambieni waziwazi kwamba hakuna yeyote kati yao aliyeuleta, hata kama aliwahi kumuudhi mama, kumpiga kwa bahati mbaya au kumwombea mabaya kwa hasira. Na waambieni hauambukizi. Wanaweza kula naye sinia moja, kunywa kikombe kimoja, kumkumbatia, kulala naye. Hata akipangiwa mionzi ya nje, akitoka kwenye mashine hana mionzi mwilini ya kumdhuru mtoto; mdogo atampakata kama kawaida.

Ziko tahadhari mbili za kweli, na mzieleze ili zisije zikaonekana kama kumtenga mama. Siku mbili za mwanzo baada ya dripu, matapishi na choo cha mgonjwa vina mabaki ya dawa, kwa hiyo anayesafisha avae glavu na watoto waachiwe wakubwa kazi hiyo. Ya pili: kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, kinga ya mwili wake huwa imeshuka. Mtoto mwenye mafua akae mbali naye kidogo siku hizo, na wote wanawe mikono. Mama akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kijana wa miaka 16 alijue hilo, kwani huenda siku hiyo akawa yeye ndiye aliyepo nyumbani.

Na jambo moja la chooni, kwa kuwa limeshawahi kuleta kilio kwenye nyumba niliyoifahamu. Kama katika dripu zake kuna ile nyekundu, doksorubisini, mkojo wake unaweza kuwa mwekundu siku moja au mbili. Ni rangi ya dawa. Mtoto anayeingia chooni baada ya mama na kukuta wekundu haambiwi na mtu kwamba ni dawa; anaona damu. Mwambieni mapema.

Baada ya hapo, ratiba. Watoto wanataka kujua maisha yao yatakuwaje. Nani atampeleka mdogo shule siku mama anaenda kliniki? Nani atapika? Ada ipo? Binti yako anaweza kuuliza, "Nani atanisuka Jumapili?" na mtu mzima akaona huyu mtoto ana roho gani, mama yake anaumwa yeye anawaza kusukwa. Usimkaripie. Kusukwa na mama yake Jumapili ndiyo sehemu ya maisha anayoiona ikitoweka. Mpe jina la mtu: "Mama akiwa na nguvu atakusuka mwenyewe, siku akishindwa, mama mdogo atakuja." Mkishaandika ratiba ya wiki kwenye karatasi na kuibandika ukutani, utaona hata mdogo asiyejua kusoma anakwenda kuigusa.

Swali unaloliogopa kuliko yote litakuja, pengine si siku hiyo. Litakuja ukiwa unafunga mlango au unamvua mdogo viatu. "Mama atakufa?"

Usiseme "hapana, hawezi kufa", maana hiyo si ahadi yako. Usiseme "usiulize mambo hayo". Kwa binti na kijana sema: "Wako wanaopona ugonjwa huu, na wako wasiopona. Madaktari wanamtibu mama ili apone, na sisi tunaomba hivyo. Kama kuna jambo jipya, nitakwambia mimi mwenyewe. Hutalisikia kwa mtu mwingine." Kisha uitimize ahadi hiyo ya mwisho, kila mara, hata habari ikiwa mbaya. Mtoto wa miaka 10 anaelewa kwamba kufa ni kutorudi. Wa miaka 5 bado. Anaweza kuuliza kama mtu akifa atarudi sikukuu. Kwa hiyo na wewe tumia maneno mepesi: "Mama anaumwa, anakunywa dawa, leo yupo hapa na wewe." Watu wakija kuwajulia hali, waombe kwa upole wasimwambie mtoto mdogo kwamba "Mungu humchukua anayempenda" au kwamba fulani "amelala tu". Wanasema kwa nia njema na imani. Mtoto wa miaka 5 hulichukua neno kama lilivyo: ataogopa kulala, au ataogopa mama yake kupendwa na Mungu.

Nirudi kwa kijana, yeye ndiye anayenipa wasiwasi zaidi. Ukimkalisha kwenye kochi umkazie macho, hatasema neno. Toka naye. Mpande daladala pamoja, tembeeni mkanunue kitu, mtengeneze kitu kilichoharibika nyumbani. Kijana huongea mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa yanatazama mbele. Mwambie, "Najua unajua. Nisamehe nilikuacha nalo peke yako." Halafu nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu.

Mpe kazi moja inayojulikana mwanzo na mwisho. Kwa mfano, amsindikize mama kliniki mara moja, siku ambayo haimkoseshi kipindi muhimu. Kulifika lile jengo lililojengwa na Wajerumani miaka ya 1890, kuiona bahari ng'ambo ya barabara, kukaa kwenye benchi na watu waliotoka mikoa yote wakiwa na mabegi yao na chupa za chai, kunapunguza mambo mengi anayoyawaza usiku. Lakini msimfanye baba mdogo. Ndugu watakuja, watampiga begani, watamwambia "sasa wewe ndiye mwanamume wa nyumba". Mkingeni na maneno hayo. Mwakani ana mtihani wa kidato cha nne, na bado ni mtoto wenu. Nenda shuleni kwake, umwone mwalimu wa ushauri na unasihi au mwalimu wa darasa, umweleze kwa kifupi. Mwalimu asiyejua kilichopo nyumbani huona uvivu tu, na adhabu hufuata.

Yeye au binti anaweza kuwa na hofu nyingine: "Na mimi nitapata?" Mwambieni saratani nyingi za titi hazirithiwi. Katika wagonjwa 100, ni kama 5 hadi 10 tu ambao ugonjwa wao umetokana na vinasaba vya ukoo. Kama kwenye ukoo wa mkeo wako wengine waliougua saratani ya titi au ya mfuko wa mayai, hasa wakiwa na umri mdogo, mtajieni daktari. Binti hahitaji kufanya chochote kwa sasa.

Umeuliza kama hospitali ni ya mgonjwa peke yake. Hapana. Cicely Saunders, daktari wa Uingereza aliyefungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa saratani yako mwilini, akilini, rohoni na nyumbani kwake pia, na ukitibu la kwanza tu, mgonjwa bado anaumia. Shirika la Afya Duniani lilipoeleza maana ya tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa mzito, mwaka 2002, liliitaja familia pamoja na mgonjwa. Kwetu bado wako wanaoamini tiba shufaa ni ya mtu anayesubiri kufa. Ni ya mgonjwa na watu wake tangu ugonjwa ulipojulikana, sambamba na dripu na mionzi.

Kwa hiyo siku ya kliniki, msiondoke mkishachomoa sindano. Mwambie muuguzi kwa maneno haya: "Tuna watoto nyumbani, tunaomba kuonana na ustawi wa jamii au mshauri nasaha." Wengi wanakosa huduma hii kwa sababu hawakuiomba, na muuguzi mwenye foleni ndefu hawezi kuona watoto walioachwa Tabata. Mkikutana na mshauri, msitegemee mawaidha. Kazi yake ni kuuliza, kusikiliza, na kuwasaidia kupata maneno yenu. Anaweza kuonana na ninyi wawili kwanza, kisha akaomba kumwona kijana au binti peke yake. Kumwona mara moja mara nyingi hakutoshi. Mambo hubadilika: dripu zikiisha mara nyingi huja mionzi, na siku matibabu yanapokwisha kila mtu anategemea furaha, kumbe ndipo wengine wanapoanguka. Imamu, padri au mchungaji wenu naye ana nafasi yake, mradi mmweleze hali ilivyo na awe mtu wa kutunza neno.

Kama baada ya kuambiwa, wiki mbili zikapita na kijana bado halali, hali chakula, ameacha vitu alivyovipenda, anakunywa pombe, au amesema hata mara moja kwamba bora asingekuwepo, hapo usisubiri siku ya kliniki ya mama. Mpeleke hospitali yenye idara ya afya ya akili, kama Muhimbili. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa vijana mara nyingi huja kama hasira. Ipo pia namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure nchi nzima. Wape watoto wote wawili wakubwa namba hiyo. Mtoto anaweza kupiga mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho nikimtafuta mtu mmoja nisimpate. Umenieleza mke, watoto watatu na mama mkwe. Hujasema neno kuhusu wewe. Unalala saa ngapi? Unakula? Nani unayemwambia? Wanaume wengi wanaosindikiza wake zao hukaa nje wakishika mkoba wa mke, wamenyooka kama askari, na ukiwauliza wanasema "namshukuru Mungu". Tafuta mtu mmoja: kaka, rafiki wa zamani, mtu wa jumuiya au msikitini. Mwambie kweli yote, mara moja kwa wiki. Ukionana na mshauri, omba na wewe dakika zako peke yako. Na mkeo, ambaye sasa anajifunika mbele yako, anasubiri kuona utalitazama kovu lake kwa jicho gani. Hilo nalo ni la kuongelewa, wawili tu, bila haraka.

Leo ukirudi, kabla ya hayo yote, mwite binti yako pembeni. Mwambie, "Lile swali la nywele sijalisahau. Ni swali zuri, na Jumamosi mimi na mama tutakujibu." Kisha muulize zile nywele ameziweka wapi. Sidhani kama amezitupa.